Bango Halisimulii

Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha wadau wa utalii mjini Iringa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na hadi leo hakuna aliyenieleza jina langu liliingiaje kwenye orodha ile. Mada ilikuwa ile inayorudi kila mara tangu filamu ya Royal Tour itoke mwaka 2022: kwa nini Watanzania hawatembelei vivutio vyao, na wakitembelea, kwa nini wanakimbilia Zanzibar na kaskazini, huku Nyanda za Juu Kusini zikiachiwa malori ya Tunduma. Wachangiaji wakapokezana. Barabara. Bei. Matangazo. Mmoja akapendekeza mabango makubwa kando ya barabara kuu, mengine yenye picha ya tembo, mengine ya Mkwawa. Akapigiwa makofi.

Sina ugomvi na mabango. Ila pale kwenye kiti nilianza kukumbuka likizo ambazo familia yangu ilizifurahia kwelikweli katika mikoa hii miwili niliyoifanyia kazi, Mbeya kwanza na Iringa baadaye. Kila siku nzuri niliyoikumbuka ilikuwa na mtu ndani yake, mwenyeji aliyekaa na kitu kile muda mrefu kutuzidi na akawa na hamu ya kutuambia. Kwenye kikao kile mtu huyo hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Nilipangiwa kazi Tukuyu miaka ya mwisho ya themanini. Kwa mshahara wa mwalimu wa wakati ule Bagamoyo ilikuwa mbali, seuze Unguja. Lakini ukiwa Tukuyu bahari yako iko bondeni. Unateremka tu: chai inaisha, joto linapanda, unaingia Kyela kwenye mpunga na kakao inayoanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, unapita Ipinda, na mwisho wa vumbi uko Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mchanga upo, mawimbi yapo, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inashuka wima mpaka majini, kama ukuta uliosahauliwa mlango. Tulifikia kwenye nyumba za wageni za misheni, tukala ubwabwa kwa samaki, tukalala mchana. Kama mapumziko ni hayo tu, yalitosha.

Yaliyobaki kichwani mwa watoto wangu ni mengine. Kijana mmoja wa pale, mwenye miwani ya kuogelea iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, alitupeleka kwa mtumbwi mpaka mahali mchanga unapokoma na mawe yanapoanza. Chini ya maji yale, yanayoonekana mpaka chini, walijaa samaki wadogo wa bluu, wa njano, wa mistari. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kijana akampa binti yangu miwani, akamwelekeza kwa mmoja aliyevimba mashavu. "Huyo mwangalie. Hali kitu. Amebeba watoto mdomoni." Mama huokota mayai yake, akayafungia kinywani, akashinda na njaa wiki kadhaa mpaka vifaranga watoke. Wakiona hatari wanarudi mdomoni mbio. Binti yangu aligoma kutoka majini.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema kuna watu huja kuwanunua wakiwa hai, wanapelekwa Ulaya kukaa kwenye vioo sebuleni, na yeye amekuwa akizamia kwa ajili yao. Basi nikawaza: mtu wa Ujerumani anamfahamu samaki wa Kyela kwa jina lake la Kilatini, na mtoto wa Mbeya mjini anayemfahamu ni yule tu aliyebahatika kukutana na kijana mwenye mtumbwi.

Jumamosi tulikwenda soko la Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu kutoka Matema, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Ufinyanzi ule umetokana na uhaba wa ardhi. Mlima ukiwa umeshuka mpaka ziwani, pa kulima ni padogo, kwa hiyo wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga, na chungu ndicho kinacholeta mahindi na ndizi nyumbani. Mke wangu alichagua kimoja chekundu, chembamba, kilichosuguliwa kwa kokoto ya ziwani mpaka kikang'aa. Yule mama akakichukua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakisogeza sikioni, akakiweka kando. Akagonga cha pili, akasikiliza, akatukabidhi. Hatukuwa tumeona ufa wowote kwenye kile cha kwanza, na hata alipotuonyesha hatukuuona. Watoto walishinda siku ile wakigonga kila kitu, vikombe, mabakuli, mpaka kichwa cha mdogo wao.

Jioni, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za ziwa hilo akatukuta tumekaa mchangani. Ndiye aliyetusimulia habari ya meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa kwenye matengenezo Liuli, kusini upande wetu, tarehe 13 Agosti 1914. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, alifika na meli yake ya Gwendolen akaipiga mzinga. Yeye na nahodha wa meli ile ya Mjerumani walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na inasimuliwa kwamba Mjerumani alijirusha kwenye mashua akaenda kumfokea mwenzake kama amelewa, kwani habari ya vita kuanza ilikuwa haijamfikia. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akageukia mpaka. Kwa Tanzania mpaka uko katikati ya maji. Kwa Malawi, kwa kushika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, uko ukingoni upande wetu. "Sasa wewe," akamwambia mwanangu wa kiume aliyekuwa ameloweka miguu, "uko nje ya nchi na hukuaga." Somo la mipaka ya kikoloni nimelifundisha miaka mingi kwa chaki. Halikuwahi kuingia kwa kasi ile.

Kule Tukuyu kwenyewe nilikuwa na wazazi wa wanafunzi waliokuwa wakiwinda kwenye msitu wa Mlima Rungwe. Mmoja wao, tukinywa chai kwake, alinisimulia habari za kima mmoja wa mitini, mwenye haya, nywele za utosini zimesimama, na mlio unaofanana na kubweka. Alimwita kipunji. Wengine pale barazani walimcheka, wakasema huyo ni wa hadithi. Yeye hakubishana nao. Alijua kima wa kawaida wanavyokuja mahindini, na alijua huyu haji hivyo.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone walisikia habari hizo hizo kutoka kwa wawindaji, wakamtafuta, wakampata. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona kipunji huyo huyo kwenye msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa, huku upande wa Iringa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wala kima wa Afrika tangu miaka ya 1920. Makadirio yaliyofuata yalionyesha wamebaki 1,100 hivi tu. Redio ilisema "amegunduliwa". Nilitabasamu nikamkumbuka yule mzazi, ingawa sitaki kuwanyima watafiti haki yao: wao ndio waliomsikiliza mtu ambaye baraza zima lilikuwa likimcheka, wakavumilia mvua ya Rungwe mpaka wakamwona kwa macho. Mvua ile, nawaambia, si ya kuchezea.

Ninachojiuliza ni hiki. Leo mgeni akifika Tukuyu akitaka kupanda Rungwe, nani anamtembeza? Mara nyingi nimekuta ni kijana wa mjini mwenye simu nzuri na Kiingereza cha kutosha. Mtoto wa mwindaji yuko pembeni anauza parachichi. Msitu anaujua kwa nyayo, lakini hakuna aliyempa cheti, na bila cheti hapewi wageni.

Kitulo nitaipita haraka, si kwa kuidharau. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikawa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuhifadhiwa hasa kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Tulikwenda masika, tukapigwa baridi, tukaona okidi za kila namna. Kilichotuvutia zaidi ni maelezo ya mama mmoja wa Makete tuliyempa lifti. Viazi vya okidi zile vilikuwa vikichimbwa kwa magunia kuuzwa Zambia, ambako wanatengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Alitueleza kipi kinachimbwa na kipi kinaachwa, kwa kuangalia majani tu. Mke wangu alimsikiliza huyo kuliko alivyotazama maua.

Nikahamishiwa Iringa. Hapa likizo zikawa za karibu zaidi, za Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa historia imejaa mlangoni. Isimila iko kama kilomita 20 tu kutoka mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini kuelekea Afrika Kusini alisimama hapo akaokota zana za mawe, na baadaye wataalamu wakaja kuchimba. Zana hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 250,000. Watu wengi wanakwenda kupiga picha kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji, wanageuza. Mtembezaji wetu alimpa kila mtoto jiwe mkononi, akamwambia ashike jinsi anavyoshika kisu, kisha ageuze, mpaka kidole gumba kilipopata mahali pake. Jiwe lile lilikuwa limekaa hivyo likisubiri gumba.

Kalenga ni habari nyingine. Tulikuta mzee mmoja wa Kihehe, mfupi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Tukamwambia kamwene, akaitikia kamwene, akatutaka kwanza tukae chini ya mti. Hakuanza na fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambalo ndilo watu wanalolifuata. Alivunja kijiti akachora kwenye vumbi ukuta wa ngome, mto Ruaha Mdogo upitao pale, na njia ya kwenda Lugalo. Kisha akahesabu. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski liliingia kwenye mtego Lugalo, naye akafa pamoja na Wajerumani wenzake na askari weusi wengi waliokuwa wakimtumikia. Mwezi Oktoba 1894 Mjerumani mwingine, von Schele, akaja na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akawapiga chenga karibu miaka minne zaidi, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe hai. Wakamkata kichwa. Katika masimulizi hayo yote mzee alisema "tuliwasubiri", "tulihama", "walitukuta", kana kwamba alikuwepo kwenye nyasi za Lugalo na bunduki yake.

Tukaingia ndani ya makumbusho. Fuvu limo kwenye kioo chake. Akatueleza kwamba lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ikitakiwa ilirudishe ndani ya miezi sita, na lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen. Alilichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo. Mwanangu, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye ubishi wa kidato cha pili, akauliza: "Sasa Babu, una uhakika gani kuwa ni lenyewe?" Nilitaka kumkemea. Mzee akanizuia kwa mkono.

"Lilipokelewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wake," akasema. "Babu yako akirudi nyumbani baada ya miaka hamsini na sita, utamwomba kitambulisho?"

Mwanangu akakosa jibu, nami hadi leo sina la kumpa. Huyo Adam Sapi ndiye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Ukifungua vitabu utakuta wanahistoria wanalijadili suala la uhakika wa fuvu lile kwa kurasa nyingi, na wana haki. Jibu la mzee halimalizi mjadala huo, linauhamishia kwenye swali la nani mwenye mamlaka ya kumtambua marehemu: aliyepima kichwa chake au anayemlilia. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea mwaka 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Maji Maji, na habari ya mafuvu mengine yaliyobaki huko ikarudi magazetini, mwanangu alinipigia simu kutoka Dodoma. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yule mzee wa Kalenga bado yuko hai.

Nilinganishe na kituo kimoja cha kihistoria ambacho sitakitaja, tulikokwenda na wakwe zangu miaka ya karibuni. Jengo lilikuwa limekarabatiwa, vyoo safi, kiingilio kwa risiti. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake zote. Akatuongoza kutoka picha hadi picha akitusomea kwa sauti maelezo yaliyobandikwa ukutani, ambayo sisi sote tulikuwa tunayaona. Baba mkwe alitoka mapema akaenda kukaa kwenye gari. Siwezi kumlaumu kijana. Alikuwa wa kujitolea, halipwi, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini ya mti na kijiti mkononi. Wazee wa aina ile ya Kalenga hawatengenezwi kwa semina ya siku mbili, lakini vijana wanaweza kuwekwa chini yao kwa mwaka mzima kwa fedha isiyozidi gharama za bango moja la kando ya barabara na posho za uzinduzi wake. Hilo ndilo nililotamani kulisema siku ile mjini Iringa, na nililisema, na likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao chini ya mengineyo.

Safari ya Ruaha tuliifanya mwezi wa Oktoba, kiangazi kikali. Ni kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, kupitia Idodi na Tungamalenga, na kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni kwa dola. Kinachokula fedha ni gari. Tulikodi moja tukajibana, na kati ya waliojibana alikuwepo shemeji yangu, mfanyabiashara wa mpunga wa Ubaruku, wilayani Mbarali, aliyekuwa ametutembelea na akasema haachwi nyuma na tembo. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa vijiji vya jirani na hifadhi.

Wanyama walijitokeza bila kubembelezwa. Tuliona tandala wakubwa na wadogo siku moja, jambo la kawaida Ruaha, ambako wanyama wa mashariki na wa kusini mwa Afrika wanakutana. Tuliona simba wamejilaza chini ya mbuyu. Tulipofika mtoni, mto haukuwepo. Ruaha Mkuu ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe, na katikati yake tembo jike akichimba. Kijana akazima gari. Tembo alipekua mchanga kwa mguu wa mbele, akausogeza kwa mkonga, akasubiri. Maji yakajikusanya ndani ya shimo polepole, akanywa kwa zamu na ndama wake. Kandokando pundamilia na nyani walikuwa wamepanga foleni yao, kila mmoja anajifanya ana shughuli nyingine.

"Zamani haukauki," kijana akasema. "Umeanza kukatika mwaka 1993. Kila kiangazi tangu hapo. Mpunga ulizidi kule juu, Mama, Usangu."

Alikuwa hajui aliyekaa kiti cha nyuma ni nani. Shemeji akavua miwani ya jua.

"Mpunga upi? Wangu wa heka tatu, au ule wa mashamba ya serikali? Mbarali ilichimbiwa mifereji na Wachina miaka ya sabini. Kapunga ikafuata. Mbona wakati ule hamkulia?"

"Mama, kulima si tatizo. Tatizo ni banio kuachwa wazi mpaka mwezi huu wa kumi, wakati shambani hamna hata mche."

"Na watu wa vijiji wanywe nini? Mfereji ndio bomba letu. Ukifunga banio umefunga ndoo ya mtu."

Kijana alikuwa na majibu. Alieleza Ihefu, kinamasi kinachopokea maji ya milima ya Mbeya na kuyaachia kidogo kidogo kupitia Ng'iriama. Kina chake kikishuka chini ya mwamba wa pale, hakuna tone linalofika huku mtoni. Alieleza Mtera na Kidatu, na umeme unaotegemea maji haya haya. Shemeji akamrudishia na wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007, na Usangu kuingizwa hifadhini mwaka 2008, Ruaha ikawa zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

"Waliondolewa na ng'ombe zao. Mto umeacha kukauka?"

Kijana akafikiri. "Haujaacha."

"Haya. Endelea kunielimisha."

Na kweli aliendelea, na shemeji naye akaendelea, na hakuna kati yao aliyekuwa akimkosea mwenzake adabu. Shemeji alikuwa anajua bei ya gunia na zamu za maji kwa jina la kila mfereji. Kijana alikuwa anajua dimbwi lipi linabaki na viboko wangapi kila Novemba. Tulipita twiga bila kusimama. Mke wangu akalalamika kwamba tumelipia wanyama, watoto wakamnyamazisha. Tulipokaribia geti, shemeji alikuwa amegeuza vumbi la kioo cha nyuma kuwa ramani ya mabanio, kijana anaendesha huku anamsahihisha kwa kutazama kwenye kioo cha ndani, na binti yangu, aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa jiografia, akadai wote wawili wamesahau mto Ndembera unaotoka Mufindi, ambao nao unamwaga Ihefu. Wakamtaka athibitishe. Akaanza kuchora.